Msimu wa ubingwa kwa klabu ya Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya makocha, mameneja wa timu na makatibu wa klabu zinazocheza ligi za mashinani katika kaunti ya Lamu, kuanzia Amu (mji wa Lamu) na Shela hadi Faza, Mokowe na Mpeketoni. Yamefuata mwendo wa msimu wenyewe. Jambo moja litajirudia: ubingwa wa huku mara nyingi haupotei mbele ya mpinzani mkubwa. Hupotea kwenye faili la katibu na kwenye gati.

Tunahitaji pointi ngapi ili tuwe mabingwa?

Anza na idadi ya mechi. Ligi ya timu 10, nyumbani na ugenini, ni mechi 18 kwa kila timu, yaani pointi 54 zikipatikana zote. Timu 12 ni mechi 22 na pointi 66. Bingwa wa kawaida huzoa pointi mbili kwa mechi au zaidi kidogo. Leicester City msimu wa 2015/16, timu ambayo kampuni za kamari ziliipa nafasi ya 5,000 kwa 1 ya kutwaa taji, ilichukua ligi kuu ya Uingereza kwa pointi 81 katika mechi 38: ilishinda 23, ikatoka sare 12, ikafungwa 3. Hiyo ni pointi 2.13 kwa mechi. Ukiuleta wastani huo Lamu, mechi 18 zinadai pointi 38 au 39, na mechi 22 zinadai 47.

Sasa ikate namba hiyo vipande vya mechi sita sita. Pointi 39 ni 13 kwa kila kipande, yaani kushinda nne, sare moja na kufungwa moja. Kipande kikiisha na pointi 10, bado mko njiani. Kikiisha na 8, itisheni kikao wiki hiyo hiyo, maana mechi zilizobaki hazitawangoja. Timu inayohesabu mwishoni tu hugundua pengo wakati halizibiki.

Sare ugenini si matokeo mazuri?

Inategemea unakimbizana na nani. Sare tatu ni pointi tatu. Kushinda moja na kufungwa mbili pia ni pointi tatu. Timu inayojivunia kutofungwa inaweza kuwa imekaa nafasi ya nne.

Dakika ya 80, ubao unasoma 0-0. Mkifunguka mna pointi mbili za kuongeza na moja ya kupoteza. Kwa hiyo hata kama nafasi yenu ya kufunga ni ndogo kidogo kuliko nafasi ya kufungwa, hesabu bado inasema nendeni mbele. Isipokuwa siku moja: mnapocheza na timu mnayogombea nayo taji. Pale kufungwa ni kumpa yeye tatu huku nyinyi mkikosa, na sare inaweza kuwa dhahabu.

Kwenda mbele hakumaanishi kufungua mlango wa nyuma. Kati ya tarehe 5 Machi na 3 Aprili 2016 Leicester ilizifunga Watford, Newcastle, Crystal Palace na Southampton, kila moja 1-0. Magoli manne, pointi 12. Mabeki wanne walewale na kipa yuleyule walifanya kazi hiyo.

Timu mbili zikilingana pointi, nani bingwa?

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi kila mwaka, na jibu limo kwenye kanuni za mashindano yenu, si kwenye yale mliyoyaona kwenye televisheni. Kuna njia kuu mbili na zinazaa mabingwa tofauti.

Njia ya kwanza ni tofauti ya mabao, unatoa mliyofungwa kwenye mliyofunga. Mei 2012 Manchester City na Manchester United zilimaliza na pointi 89 kila moja. City ilikuwa na tofauti ya 64, United 56, taji likaenda City. Zikilingana hata hapo, kwa kawaida huangaliwa mabao ya kufunga: mwaka 1989 Arsenal na Liverpool zililingana pointi 76 na tofauti ya 37, Arsenal ikachukua kwa kuwa imefunga mabao 73 dhidi ya 65.

Njia ya pili ni matokeo ya timu hizo mbili zilipokutana zenyewe. Uhispania ndivyo inavyofanya. Msimu wa 2006/07 Real Madrid na Barcelona zilikuwa na pointi 76 kila moja. Barcelona ilikuwa na tofauti bora ya mabao, lakini Madrid ilikuwa imeishinda nyumbani na kutoka sare ugenini, kwa hiyo ikawa bingwa.

Mbona ni muhimu kujua mapema? Kwa sababu hubadilisha uchezaji. Chini ya njia ya kwanza, mkiongoza 3-0 dhidi ya timu ya mkiani, endeleeni kufunga na msianze kupiga chenga za kuchekesha jukwaa. Chini ya njia ya pili, bao la tano halina thamani hiyo. Afadhali mpumzishe kiungo mwenye kadi za njano. Katibu aandike kifungu hicho kwenye karatasi na kukibandika chumba cha timu kabla ya mechi ya kwanza.

Usajili unaharibika wapi?

Kwanza, majina. Lamu hii kikosi kimoja kinaweza kuwa na Mohamed Omar watatu, na mmoja wao anajulikana kwa jina la utani ambalo ndilo refa analolisikia. Kadi ikiandikwa kwa jina pekee, atafungiwa asiyehusika au atacheza aliyefungiwa. Tumieni namba ya kitambulisho kwenye kila orodha, na kwa walio chini ya miaka 18 namba ya cheti cha kuzaliwa. Majina yote matatu, kwa herufi zilezile za kwenye kitambulisho: Mohamed, Mohammed na Muhamad ni watu watatu machoni pa kamati.

Pili, mchezaji aliyetoka klabu nyingine. Asivae jezi mpaka barua ya kuachiliwa iwe mkononi, imetiwa saini na mhuri, na jina lake limeshaonekana kwenye orodha iliyoidhinishwa. Ahadi ya mwenyekiti wa klabu ile kwenye simu haihesabiki. Mchezaji mmoja asiye halali anaweza kuwapokonya pointi za kila mechi aliyocheza, na mpinzani mjanja hukaa kimya mpaka afikishe mechi nne ndipo alete malalamiko.

Tatu, dirisha la usajili. Msisubiri siku ya mwisho, maana siku hiyo mtandao husumbua na picha moja hugeuka kuwa haifai. Malizeni siku saba kabla.

Kila siku ya mechi beba faili moja la plastiki lisiloingia maji: orodha iliyoidhinishwa, leseni za wachezaji, nakala ya vitambulisho, kanuni za ligi, daftari la kadi, kalamu mbili. Libebwe na mtu mmoja anayejulikana. Faili likisahaulika Amu na timu iko Kizingitini, hakuna wa kulileta kabla ya firimbi.

Daftari la kadi linaandikwaje?

Safu sita zinatosha: tarehe, mpinzani, jina na namba ya kitambulisho, rangi ya kadi, sababu, na mechi atakayoikosa. Ijazwe uwanjani, siku hiyohiyo, kisha ilinganishwe na ripoti ya refa. Kanuni za ligi yenu ndizo zitasema ni kadi ngapi za njano zinaleta adhabu na kama hufutwa katikati ya msimu.

Kosa la kawaida ni hili. Mchezaji amefungiwa mechi moja, mechi inayofuata inaahirishwa kwa mvua, wiki ya pili anacheza kwa sababu "ameshakaa nje wiki". Adhabu hukatwa kwa mechi iliyochezwa, wiki hazihesabiwi. Kosa la pili ni kuhesabu mechi ya kirafiki, au ya kombe la mtaa, kuwa ndiyo aliyoitumikia.

Safari za visiwani tuzipange vipi?

Kwa maji kwanza, saa baadaye. Ratiba ikitoka, kaa na nahodha wa boti na jedwali la maji, pitieni mechi zote za ugenini siku moja. Bandari huchapisha majedwali hayo kila mwaka, lakini neno la nahodha anayepita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, kila siku ndilo la mwisho.

Huku kwetu siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, hupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa dakika 50 hivi. Kwa hiyo:

Siku ya bamvua yenyewe, kurudi hakuna shida, mechi inaisha maji yakiwa bado mengi. Shida ni kuondoka saa nne. Ondokeni alfajiri, au ngojeni saa saba maji yakiwa yanapanda.

Siku ya tatu au ya nne baada ya bamvua ndiyo mbaya kupita zote. Maji hupwa saa sita au saa saba mchana na bado hupwa sana, na huo ndio wakati timu nyingi zinataka kuondoka. Boti inakwama kwenye mchanga, wachezaji wanashuka kusukuma, wanafika Faza miguu imechoka na firimbi inangoja. Siku hizo muwe mmepita Mkanda kabla ya saa tatu asubuhi, hata kama itabidi mkae mchana kutwa barazani kwa wenyeji.

Siku za maji mafu, wiki moja hivi baada ya bamvua, mambo yanageuka: maji hujaa karibu saa nne asubuhi na kupwa karibu saa kumi. Mafu hayapwi sana, lakini jioni mnarudi maji yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kupanda, giza linaingia. Hapo ama mlale huko, ama muombe mechi ichezwe mapema.

Anayekwenda Pate mjini hushukia Mtangawanda, halafu kuna kipande cha nchi kavu. Hesabu muda wa ziada na mzigo wa kubeba. Kwa upande wa bara, Mokowe ni mwendo mfupi wa boti, kisha gari hadi Hindi, Mpeketoni au Witu. Gari liwe limeshalipwa na linangoja gatini, maana kutafuta matatu ya watu 22 papo hapo ni kuomba kuchelewa.

Jaketi za kuokolea maisha ziwe sawa na idadi ya watu, bila kumsahau mpiga ngoma. Miezi ya Juni hadi Agosti kusi inavuma na njia za wazi zinachafuka; jezi na daluga zifungwe kwenye mifuko miwili ya plastiki, moja ndani ya nyingine. Jezi iliyolowa maji ya chumvi huchubua chuchu na mapaja kabla ya mapumziko.

Mechi ianze saa ngapi?

Saa kumi kamili, au na robo mwisho. Dakika 45 mara mbili, mapumziko 15, nyongeza na vikwazo: mnamaliza karibu na saa kumi na mbili kasoro dakika chache, kabla ya magharibi. Mkianza saa kumi na nusu, dakika za mwisho, zile ambazo taji huamuliwa, zinachezwa watu wakiangalia saa na kipa haoni mpira wa juu.

Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana haisaidii. Wiki ya kwanza punguzeni mazoezi: dakika 40 za kazi nyepesi kabla ya futari, au mazoezi baada ya tarawehe mahali penye taa. Siku za Maulidi ya Lamu boti zinajaa wageni na nusu ya kikosi iko kwenye shughuli. Andikieni ligi mapema kuomba tarehe nyingine. Barua ikifika siku mbili kabla, itakataliwa, na kwa haki.

Kikosi kiwe cha watu wangapi?

Sajilini 25, mkitarajia 18 kila wiki. Leicester ilitumia wachezaji 23 katika msimu mzima, huku kipa Kasper Schmeichel na nahodha Wes Morgan wakicheza kila dakika. Huku tunahitaji zaidi, kwa sababu ambazo Uingereza hawana: kaskazi ikituliza bahari, wavuvi hukaa nje siku kadhaa, shule zikifunguliwa, vijana wa bweni huondoka, fundi akipata kazi Manda, harudi mpaka iishe.

Makipa wawe wa kutosha: watatu. Ndiyo nafasi pekee ambayo mkikosa mtu hamwezi kubahatisha. Na makipa wote wajue sheria iliyoanza msimu wa 2025/26: kushika mpira mikononi zaidi ya sekunde nane ni kona kwa mpinzani. Ile desturi ya kulala juu ya mpira mkiongoza imekuwa ghali.

Uwanja wa mchanga tunaupigaje mistari?

Uwanja wa mita 100 kwa 64, ukijumlisha mistari yote pamoja na duara la kati na nusu duara za penalti, una takriban mita 695 za mstari. Nunueni chokaa kwa hesabu hiyo, na mwongeze robo kwa ajili ya upepo.

Anzeni na pembe. Kutoka kona pima mita 3 upande mmoja na 4 upande wa pili. Mshazari ukiwa mita 5 kamili, pembe imenyooka. Mkiruka hatua hii boksi linatoka limepinda, na refa makini atakataa. Goli ni mita 7.32 kwa 2.44, boksi kubwa linaingia mita 16.5, doa la penalti liko mita 11, duara la kati lina nusu kipenyo cha mita 9.15. Upana wa mstari usizidi sentimita 12.

Nyunyizeni mchanga maji kidogo kabla ya chokaa, asubuhi upepo haujaamka. Chokaa kwenye mchanga mkavu haimalizi kipindi cha kwanza. Na msitumie chokaa kali ya kujengea isiyozimwa: ikilowa inaunguza ngozi na macho, na mchezaji akiteleza juu yake mtaishia hospitali ya King Fahd. Mashimo ya punda yajazwe siku moja kabla, yashindiliwe.

Mpira na vifaa?

Mpira namba 5: mzunguko sentimita 68 hadi 70, uzito gramu 410 hadi 450. Ujazeni asubuhi na muupime tena saa tisa, kwa sababu jua huuongeza upepo na kwenye uwanja mgumu unadunda kama mpira wa tenisi. Mitatu iwe tayari, na sindano mbili za pampu, maana moja huvunjika.

Mazoezi ya ufukweni yanasaidia?

Yanasaidia mwanzoni mwa msimu, mara moja au mbili kwa wiki, dakika 20 za mchanga laini. Zaidi ya hapo mnatafuta maumivu ya kano ya kisigino na msuli wa nyuma wa mguu, kwa kuwa kisigino huzama chini zaidi kila hatua. Mchanga mgumu wa Shela maji yakipwa ni bora kwa mbio za kasi, ila wakimbie kwenda na kurudi: ufuko umeinama, na kukimbia upande mmoja tu kunalemaza nyonga. Ligi ikishaanza, fanyeni mazoezi kwenye uwanja mtakaochezea.

Maji ya kunywa, kiasi gani?

Mitungi miwili ya lita 20 kwa watu 18, mmoja wa kunywa na mmoja wa kujimwagia, na msichanganye vikombe. Mchezaji anayetokwa jasho sana au aliyeharisha apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari kuliko kutompa kabisa. Akianza kuyumba au kusema maneno yasiyoeleweka, atoke, awekwe kivulini, alowanishwe maji mwili mzima na apelekwe hospitali. Hapo usimnyweshe kwa nguvu.

Mpinzani hakutokea. Tufanye nini?

Vaeni, ingieni uwanjani, subirini muda wote uliowekwa na kanuni. Refa aandike ripoti, nahodha wenu atie saini. Mkiondoka dakika tano kabla ya muda kwisha, nyinyi nao mmekosekana. Timu yenye wachezaji chini ya saba haiwezi kuanza mechi.

Malalamiko ya aina yoyote yaandikwe ndani ya saa zilizotajwa kwenye kanuni, ada ilipwe, risiti ihifadhiwe. Tajeni kifungu, namba ya kitambulisho na dakika. Barua ya kurasa tatu kuhusu uonevu huishia kwenye droo.

Mechi ya mwisho: tuombe ichezwe saa ileile na ya mpinzani wetu wa taji?

Ndiyo, na ombeni wakati ratiba inatoka. Mechi zikipishana, anayecheza baadaye anajua anachohitaji. Ndiyo sababu tangu sakata la Ujerumani Magharibi na Austria kule Gijón mwaka 1982, timu hizo zilipocheza zikijua tayari matokeo yanayozifaa zote mbili, mechi za mwisho za makundi ya Kombe la Dunia huchezwa pamoja. Kwetu kikwazo ni maji: saa kumi ya Amu inaweza kuwa mbaya kwa boti ya Kizingitini. Pendekezeni siku ya bamvua, au mechi zote mbili zihamie bara.

Jiandaeni pia kutwaa taji mkiwa majumbani mwenu. Leicester haikuwa uwanjani tarehe 2 Mei 2016; Tottenham, iliyokuwa ikiifukuza Leicester kwenye jedwali na ikiongoza 2-0 siku hiyo, ilirudishwa na Chelsea hadi 2-2, mambo yakaisha.

Tumeshinda. Kuna nini tena?

Kupanda daraja, na hapo klabu kadhaa hukwama wiki moja baada ya shangwe. Hakikisheni klabu imesajiliwa kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, ina akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na kumbukumbu za mkutano mkuu zipo. Ligi ya juu itawapeleka Malindi, Kilifi na Mombasa kwa barabara ya Witu na Garsen. Gharama ya basi na kulala ndiyo kubwa kuliko zote, kwa hiyo mwombeni mfadhili wakati picha za kombe bado zinazunguka kwenye simu.

Medali agizeni 30: wachezaji 25, kocha, msaidizi, meneja, mtunza vifaa, na moja ya nahodha wa boti.